Uzi maalumu: Tunaoishi na ukavu wa macho hapa Dar, tukutane hapa tusaidiane

Mhasibu wa Kimara (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Kila ninapomwambia mtu hapa mjini kwamba nina ugonjwa wa ukavu wa macho, jibu ni lile lile: "Ukavu gani na joto lote hili la pwani, tena machozi yenyewe yanakutiririka?" Watu wanaamini jicho linalotoa machozi haliwezi kuwa kavu. Kwa imani hiyo wengi wanazunguka miaka na miaka kwenye maduka ya dawa wakinunua vichupa vya macho mekundu, na ugonjwa walionao ni mwingine. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu.

Tuanze na machozi yenyewe. Mbele ya jicho kuna utando mwembamba sana wa unyevu. Chini kabisa ni ute unaoshika kwenye jicho, katikati ni maji, na juu ni mafuta. Maji yanatoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje. Mafuta yanatoka kwenye vijitezi vilivyojipanga ndani ya ukingo wa kope, kama 25 hadi 40 kwenye kope ya juu na 20 hadi 30 kwenye ya chini. Vinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari wa Kijerumani Heinrich Meibom aliyevieleza mwaka 1666. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasikauke. Yakipungua au yakiganda, maji yanapotea upesi hata kama tezi ya maji ni nzima, na kwa wagonjwa walio wengi shida iko hapo kwenye mafuta.

Sasa machozi yanayotiririka yanatoka wapi? Kioo cha mbele ya jicho kina mishipa ya fahamu mingi mno. Utando ukipasuka na sehemu ikakauka, mishipa ile inalalamika, na tezi ya maji inamwaga machozi mengi kwa mkupuo. Lakini ni maji matupu, hayana mafuta ya kutosha kuyashikilia, basi yanashuka shavuni na dakika chache baadaye uko pale pale: mchanga machoni, kuchoma, uzito wa kope, na maandishi yanayofifia hadi ufumbe na kufumbua ndipo yarudi. Hiyo dalili ya mwisho ishikeni sana. Ukungu unaoondoka ukifumba na kufumbua ni dalili kubwa ya utando wa machozi kuyumba, na watu wengi wanakimbilia kubadilisha miwani kwa ajili yake.

Kuhusu Dar na unyevu wake. Ni kweli hewa yetu ina unyevu mwingi, lakini mtu wa ofisini mchana kutwa anaishi kwenye hewa ya kiyoyozi. Pita Samora saa saba mchana uangalie maji yanayodondoka kwenye vibomba vya viyoyozi ukutani. Yale maji yametolewa kwenye hewa ya vyumba walimokaa watu. Inayobaki ndani ni hewa kavu, na inavuta unyevu popote inapoupata, macho yako yakiwemo. Ukitoka hapo unapanda bodaboda ya vumbi na upepo, nyumbani unakuta moshi wa mkaa, usiku unalala na feni imeelekezwa usoni.

Juu ya hayo kuna skrini. Mtu akiwa ametulia hufumba na kufumbua macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kompyuta au simu anashuka chini ya nusu ya hapo, na mara nyingi kope hazikutani hadi mwisho. Sasa yale mafuta hukamuliwa kwa kufumba huko. Usipofumba vizuri yanabaki ndani ya tezi na kuganda.

Mimi nilipimwa na daktari bingwa wa macho. Alinitia rangi ya njano, akamulika kwa taa ya bluu, akahesabu sekunde ngapi zinapita kabla utando haujapasuka nisipofumba. Chini ya sekunde 10 ni dalili ya tatizo, na wangu ulipasuka karibu papo hapo. Kisha akaning'iniza kikaratasi kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Ni kipimo cha Otto Schirmer cha tangu 1903, kinaonyesha maji yametambaa milimita ngapi, na chini ya 5 maana yake maji ni haba mno. Maji yangu yalikuwa ya kawaida. Alipobonyeza ukingo wa kope ndipo ikajulikana: mafuta yaliyotakiwa kutoka laini yalitoka mazito kama samli iliyoganda.

Vipimo hivyo vinachukua muda mfupi, na ndivyo vilivyobadilisha kila kitu kwangu, kwa sababu tiba ya upungufu wa maji na tiba ya mafuta yaliyoganda hazifanani. Muhimbili wana idara ya macho, CCBRT pale Msasani kazi hiyo ni yao ya miaka mingi, na zipo kliniki nyingine. Muhimu ni kukaa kwenye mashine ya kumulika macho. Kusoma herufi ukutani peke yake hakuonyeshi ukavu.

Kazi yangu kubwa ya kila siku sasa ni kukanda. Asubuhi na kabla ya kulala nachukua kitambaa safi cha pamba, nachovya kwenye maji ya moto ninayoweza kuvumilia kwenye ngozi ya ndani ya mkono, nakamua, naweka juu ya kope zilizofumbwa. Kitambaa kinapoa ndani ya dakika mbili hivi, na hapo ndipo wengi wanaishia. Kikipoa hakiyeyushi chochote. Weka chupa ya chai pembeni yenye maji ya moto, uwe unaongeza na kuchovya tena mpaka dakika 10 zitimie. Angalia usijiunguze, ngozi ya kope ni laini sana. Baada ya hapo nasugua taratibu kwa kidole kisafi, kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, yaani mafuta yanasukumwa kufuata nywele za kope. Namaliza kwa kufuta ukingo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kuondoa tongotongo na magamba.

Usitegemee nafuu siku ya tatu. Hii inataka wiki kadhaa, na ukiacha inarudi. Nasema hivi kwa upendo, kwa kuwa nimeona watu wanakata tamaa mapema wakidhani dawa imeshindwa.

Ofisini niliomba kuhamishwa meza, upepo wa kiyoyozi usinipige usoni. Kompyuta nimeishusha kidogo chini ya usawa wa macho, maana ukiangalia juu jicho linafunguka zaidi na kukauka zaidi. Kila dakika 20 naangalia mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20, na nafumba macho hadi kope zigusane mara kadhaa. Feni ya chumbani sasa inapiga miguuni.

Jambo moja linaniuma. Macho mekundu hapa kwetu yana hukumu yake. Kijana atasemwa amevuta, mzee atasemwa amekunywa. Ule mlipuko wa macho mekundu wa Januari 2024 ulipoanza hapa Dar, wenye ukavu tulikimbiwa kwenye mwendokasi, na ukavu hauambukizi kabisa. Kanda ya Ziwa tunajua bibi zetu wangapi walidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Ukimwona mtu ana macho mekundu, mwulize kama yanamuuma.

Karibuni, mwenye swali au uzoefu aweke.

Boda wa Mbezi:

Mkuu umeniandika mimi mwenyewe. Nipo barabarani kuanzia alfajiri, Goba, Makabe, Msakuzi, vumbi tupu. Jioni macho yanawaka kama nimepakwa pilipili. Halafu kuna kinyama kinaota upande wa pua kinasogea kwenye mboni. Nikiacha kazi wanangu watakula nini? Nisaidie mtu wa aina yangu afanye nini.

Mhasibu wa Kimara:

Pole sana kaka, na usiache kazi. Kwanza, kioo cha helmeti kishushwe muda wote pikipiki ikitembea, hata kama abiria amekaa nyuma na joto ni kali. Kama kimechubuka hadi huoni, badilisha kioo hicho. Pili, miwani inayozunguka hadi pembeni ya uso ili upepo usiingilie ubavuni. Mchana ya giza yenye kinga ya jua, usiku myeupe kabisa, usije ukaendesha na ya giza ukagonga mtu. Ukifika nyumbani nawa uso kwa maji safi na sabuni kabla hujagusa macho. Mkono wenye vumbi ukipikicha jicho unalichubua.

Hicho kinyama ni ugonjwa unaojulikana, unawapata sana watu wa jua, upepo na vumbi, wavuvi wakiwemo. Kikiinuka kinavuruga utando wa machozi mahali pale na kuongeza ukavu. Kaonyeshe kabla hakijafika katikati ya mboni, kwa sababu kikifika kinaziba kuona na kutolewa kwake ni kwa upasuaji.

Dada wa Saluni Sinza:

Asante kwa uzi. Mimi napamba maharusi, na nataka kuwaambia dada zangu kitu ninachokiona kila wiki. Ule wanja unaopakwa ndani kabisa ya ukingo wa kope, kwenye ule mstari wenye unyevu, ndipo midomo ya hizo tezi za mafuta ilipo. Unaziba. Paka nje ya nywele, macho yanatoka mazuri vile vile. Kope za bandia nazo, gundi ikishuka kwenye ukingo inachoma, na mtu akikaa nazo wiki tatu haoshi akiogopa zisidondoke, uchafu unajaa mpaka chekea inaota. Mteja wangu akija na macho mekundu simbandiki, hata akinuna. Halafu lenzi za rangi za harusi: kama macho yako yanakauka, usizivae, na usizivae kwa kuazimana hata kama ni mdogo wako. Usiku ondoa vipodozi vyote. Hakuna uchovu wa sherehe unaozidi jicho lako.

Babu Mtoni:

Vijana mnajisumbua na mashine. Sisi tulikuwa tunadondoshea maziwa ya mama anayenyonyesha, wengine asali mbichi, wengine maji ya majani fulani, na tumefika umri huu tunaona.

Mfanyakazi wa Duka la Dawa:

Shikamoo babu. Naomba unisamehe, hapa nitakupinga kwa heshima zote, kwa sababu wanaosoma ni wengi. Maziwa, asali, mkojo na majani si vitu safi kwa jicho. Jicho kavu lina michubuko midogo midogo kwenye kioo chake cha mbele, na vijidudu vikiingia hapo vinaweza kufanya kidonda kinachoacha kovu jeupe moja kwa moja. Waliopona husimulia, na waliopofuka hukaa nyumbani hatuwasikii.

Na dawa za dukani nazo si salama zote, hili nalisema nikiwa nyuma ya kaunta kila siku. Mtu anakuja: "Nipe ile ya macho mekundu, ile kali." Anayoitaka mara nyingi ina steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Soma boksi, ukiona neno dexamethasone, hata kama limechanganywa na dawa ya bakteria, hiyo ni steroidi. Inaondoa wekundu haraka, ndiyo maana inapendwa. Ukiendelea nayo wiki na wiki bila daktari inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji. Uoni ulioliwa na presha ya jicho haurudi. Madaktari wanaitumia kwenye ukavu wenye uvimbe, lakini kwa muda mfupi na wanapima presha ya jicho.

Zipo nyingine zinazobana mishipa ya damu ili jicho liwe jeupe. Ukiziacha wekundu unarudi kwa nguvu zaidi, nazo hazitibu ukavu.

Unachotakiwa kuuliza ni machozi bandia. Haya yanalainisha tu, hayana ukali. Kama unatumia zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali inayozuia vijidudu visiote ndani ya chupa. Kihifadhi kinachotumika sana huandikwa benzalkonium chloride, na kikiingia mara nyingi kinachubua jicho lile lile unalolitibu. Yasiyo na kihifadhi huja mara nyingi kwenye vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia na kutupa. Bei yake iko juu, nakubali, na inaumiza kwa ugonjwa wa kila siku. Kwa hiyo uliza bima yako inalipia aina gani kabla hujaandikiwa. Usiku mafuta mazito ya macho yanasaidia, ila yanatia ukungu, yapakwe ukiwa kitandani. Tone moja linatosha, jicho halina nafasi ya mawili. Ncha ya chupa isiguse kope.

La mwisho, angalieni vidonge mnavyomeza. Piriton na setirizini za mafua na mzio zinakausha macho. Amitriptilini pia, vidonge vya presha vya kukojoza maji, vile vya chunusi vya aisotretinoini. Usiache dawa ya presha kwa sababu ya uzi huu, mwambie daktari wako abadilishe kama inawezekana.

Mhasibu wa Kimara:

Ubarikiwe sana. Hili la steroidi ndilo nililotaka lisomwe na kila mtu. Jirani yangu alikuwa akitumia chupa moja baada ya nyingine na akisifia. Leo jicho lake la kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo.

Mama Tegeta:

Mimi nina miaka 48. Macho yamekauka hadi nikilia msibani machozi hayatoki, watu wakasema nina moyo mgumu. Mdomo nao mkavu, ugali bila mchuzi haupiti, meno yameanza kuoza ghafla. Asubuhi vidole vinauma na kukaza. Je, yote haya ni macho?

Mfanyakazi wa Duka la Dawa:

Mama, pole kwa maneno ya msibani, hayakustahili. Macho, mdomo na viungo vikija pamoja hivyo usiishie kwa daktari wa macho peke yake. Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na za mate. Unaitwa Sjögren, kwa jina la daktari wa macho wa Sweden Henrik Sjögren aliyeuandikia mwaka 1933. Wanawake ndio wanaoupata zaidi sana, karibu 9 kati ya kila wagonjwa 10, na mara nyingi katika umri wako. Siwezi kusema unao. Mweleze daktari dalili zote tatu kwa pamoja, kwa maneno haya haya uliyoandika hapa, aamue vipimo vya damu. Kukoma hedhi nako kunaweza kukausha macho, kwa hiyo usiogope kabla ya majibu. Maji yakiwa haba kweli, daktari anaweza kuziba vitundu vya kona ya jicho vinavyopitisha machozi kwenda puani, ili hicho kidogo kikae, au kukuandikia matone ya kutuliza kinga ya mwili, kama saiklosporini. Na meno wahi, mate yakikauka yanaoza upesi.

Mla Dagaa:

Mimi nimesikia vidonge vya mafuta ya samaki ndiyo kiboko, na karoti. Kuna ukweli?

Mhasibu wa Kimara:

Nami nilivitumaini sana vile vidonge. Mwaka 2018 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 535 wenye ukavu wa macho. Kundi moja lilipewa mafuta ya samaki, jingine mafuta ya zeituni, kwa miezi 12. Wote walipata nafuu kiasi na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Nikaona heri fedha hiyo iende kwenye machozi bandia. Samaki na dagaa endelea kula, ni chakula kizuri.

Karoti ni habari ya vitamini A. Upungufu wake unakausha macho kweli, tena vibaya, lakini unawapata hasa watoto wenye lishe duni, na huanza kwa kutoona gizani. Ndiyo sababu ya yale matone wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka. Wapelekeni. Mtu mzima anayekula mchicha, papai na maembe hana haja ya kumeza vidonge vya vitamini A kwa ajili ya ukavu huu, na mjamzito asivimeze bila daktari.

Kijana wa Magomeni:

Asalaam aleykum. Ramadhani nikiacha matone mchana naumia mno, nikitia naogopa funga. Wenzangu mnafanyaje?

Mhasibu wa Kimara:

Waaleykum salaam. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, jicho halihesabiwi njia ya kufikisha kitu tumboni, na matone hayaharibu funga. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wanaozingatia ladha ikifika kooni, kwa hiyo muulize sheikh wako moyo utulie. Kuna njia inayosaidia kwa vyovyote: ukishatia tone, fumba jicho na ubonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo tundu la kwenda puani na kooni lilipo. Dawa inabaki jichoni, na wala huisikii mdomoni.

Binti Kigamboni:

Kaka, mama yangu ana kisukari, macho yake mekundu na makavu lakini anasema hayamuumi, kwa hiyo anakataa kwenda hospitali. Nimsubiri mpaka yaume?

Mhasibu wa Kimara:

Usisubiri dada. Sukari ya muda mrefu inapunguza hisia kwenye kioo cha mbele cha jicho, na mtu anaweza kuwa na michubuko asiisikie. Kutouma kwake ndiko kunakotakiwa kukuharakisha. Na mkifika, omba wamwangalie na nyuma ya jicho siku hiyo hiyo, maana mwenye kisukari anatakiwa kuchunguzwa huko angalau mara moja kwa mwaka hata kama anaona vizuri. Nendeni asubuhi, beba vidonge vyake vyote kwenye mfuko avione daktari, na umsindikize mwenyewe hadi kwenye feri mkirudi. Dawa ya kupanua mboni itamfanya aone ukungu kwa saa kadhaa, na jua litamchoma, kwa hiyo mchukulie kofia na miwani.